Dirisha la Petrea

Kufuli halikuvunjwa. Hilo ndilo jambo la kwanza Inspekta Henny Skovgård aliloliandika kwenye kijitabu chake Jumatatu ile ya tarehe mbili Mei 1988, akiwa ameinama mbele ya kabati la kioo katika jumba dogo la makumbusho la bandari ya Hvidhage. Kioo kilikuwa kizima, bawaba nzima. Vumbi lilikuwa limetanda rafu yote isipokuwa pale katikati, penye umbo la mstatili, safi kama uso ulionawishwa. Hapo ndipo lilipokuwa daftari la zamu la mlinzi wa taa.

"Funguo ziko ngapi?" aliuliza.

"Mbili," alijibu Villads Toft, mwenyekiti wa kamati ya bandari. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na sita, mabega mapana, kofia mkononi. "Mmoja ninao mimi. Wa pili anao Thyra Bjerg, anayepiga deki hapa kila Ijumaa. Sitaki kumtaja mtu, Inspekta."

"Umeshamtaja."

"Basi nimemtaja. Daftari lilikuwa la baba yake. Ameniomba mara tatu alisome, nikamwambia asubiri maonyesho yafunguliwe."

Henny alizungusha macho. Kuta zilijaa picha za taa ambazo hakuna jicho litakaloziona tena. Kulikuwa na kibanda cheupe cha taa ya mbele, mwisho wa gati, na mlinzi wake amesimama mlangoni na kopo la mafuta. Kulikuwa na mlingoti wa taa ya nyuma, juu ya kilima, ambao Wajerumani waliukata mwaka 1944. Kulikuwa na mlingoti mpya uliosimamishwa vuli ya 1951, nao ukaja kung'olewa pamoja na kibanda siku hizi za maboya ya umeme. Chini ya kabati tupu palikuwa na kibao kidogo kilichoandikwa kwa mkono: *Daftari la mlinzi Laurids Bjerg. Kurasa 212. Maandishi ya mwisho 5 Mei 1951, saa kumi alfajiri. V.T.*

"Umelisoma?"

"Mimi? Hapana. Mwandiko wa marehemu ni kama kuku amepita kwenye wino. Nililipokea, nikaliweka."

Henny alinakili kibao chote, neno kwa neno. Kisha akasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni. Ilikuwa na maandishi ya jiwe la kumbukumbu litakalozinduliwa Jumatano jioni. Yalitaja chombo cha uvuvi *Dagny*, nahodha Mads Kjeldgård, ndugu wawili wa ukoo wa Lund, wote walizama tarehe 4 Mei 1951. Na mstari wa mwisho: *Taa ya bandari haikuwashwa.*

"Jiwe limeshachongwa?"

"Majina tayari. Mstari wa mwisho unachongwa kesho mchana." Villads aliivaa kofia yake, akaivua tena. "Watu watatu walikufa, Inspekta. Wa nne nilikuwa mimi. Nilishika mlingoti wa chombo mpaka kulipokucha."

*

Thyra Bjerg alikuwa na miaka sitini na moja, na jikoni kwake hapakuwa na kitu kilichopotoka. Juu ya meza palikuwa na kahawa, mkate mweusi, samaki wa siki, na boksi la mishumaa myeupe ambalo halijafunguliwa.

"Kaa, Inspekta. Ukija kunikamata, angalau usinikamate na njaa."

"Una ufunguo wa makumbusho, Bi Thyra."

"Ninao. Ninao pia wa shule, wa kanisa na wa choo cha gati. Mwizi mwenye funguo zote hizo angekuwa na nyumba nzuri kuliko hii."

"Ulilitaka daftari."

"Nililitaka kwa miaka thelathini na saba! Kama ningekuwa mtu wa kuiba, ningeliiba mwaka hamsini na moja, baba akiwa hai, limsaidie." Alimmiminia kahawa. "Kesho mchana wanachonga jiwe, na leo daftari linapotea. Wewe ni polisi. Jiulize nani anafaidika. Mimi?"

Henny alilisogeza boksi la mishumaa kando aweke kijitabu chake. "Nieleze usiku wenyewe."

"Ilikuwa jioni ya tarehe nne, mishumaa madirishani kama kila mwaka tangu vita viishe, kukumbuka jioni tuliyotangaziwa uhuru. Baba aliwasha taa saa mbili na dakika tano. Nilimwona, nilikuwa nimempelekea chakula. Mchungaji alipita, wakanywa glasi moja moja ya pombe kali kwa ajili ya siku yenyewe. Glasi moja, Inspekta! Kwenye baraza la uchunguzi wakasema ananuka pombe. Villads akaapa kwamba taa ya gati ilikuwa giza tupu. Kijana aliyenusurika, macho mekundu, mikono imechubuka. Unadhani wangemwamini nani?"

"Na daftari halikuonyeshwa?"

"Lilionyeshwa. Wakasema mlinzi anaweza kuandika anachotaka baada ya ajali. Hawakulisoma hata mstari. Tukatolewa kwenye nyumba ya mlinzi wiki ile ile." Alikata mkate, vipande vyembamba, vyote sawa. "Watoto walikuwa wakipita dirishani petu wanaita, 'Laurids, washa taa!' Sasa wale watoto ni mababu. Baba alikufa mwaka sitini na tatu, hajawahi kuwajibu. Mimi sitaki kitu, wala sitaki mtu aombe radhi. Nataka mstari ule usichongwe. Ukishachongwa, mimi nikifa, jiwe litaendelea kuita."

*

Ripoti ya baraza la uchunguzi ilikuwa ofisini kwa mkuu wa bandari, ndani ya sanduku lililonuka unyevu. Henny aliisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti, akaisoma tena.

Baraza lilikuwa limetumia kurasa kumi na moja kuzungumzia pombe ya Laurids, na nusu ukurasa kuzungumzia chombo. Alikaa kwenye ile nusu ukurasa. Mzamiaji wa serikali alikuta *Dagny* juu ya Mwamba Mweusi, mashariki ya njia ya kuingilia. Omo, yaani pua ya chombo, ilielekea moja kwa moja taa ya gati. Na mkono wa mashine ulikuwa umesukumwa mbele, kasi kamili.

Alipiga mstari chini ya maneno hayo mawili ya mwisho.

Mtu asiyeona anapapasa. Anapunguza mwendo, anatega sikio, anatuma mtu mbele na kamba ya kupimia kina. Huyu alikwenda kama anayekwenda kitandani kwake. Tena pua imeelekea taa sawasawa, kama iliyopimwa kwa rula. Sasa giza unalilengaje hivyo?

Lakini taa moja peke yake haitoshi. Kuingia Hvidhage palihitaji taa mbili, ya mbele chini na ya nyuma juu, zionekane zimepangana. Ya nyuma ilikatwa mwaka 1944, na mpya ilikuja baada ya ajali. Miaka saba hapo katikati, wavuvi waliingia na kutoka kila usiku wala hakuna aliyezama. Walikuwa wanapanga taa ya mbele na nini?

Alimuuliza mkuu wa bandari, aliyekuwa mgeni wa miaka mitatu tu pale. Mkuu alikuna kichwa. "Nyuma ya mlingoti palikuwa na nyumba ya mjane wa nahodha. Petrea Kjeldgård. Yupo nyumba ya wazee. Ila jihadhari naye, atakutegea vitendawili mpaka uchoke."

*

Bibi Petrea alikuwa na miaka themanini na minne, na mkononi alikuwa akifuma soksi ya sufu iliyofika nusu ya kisigino.

"Wewe ni polisi au mtu wa kanisa?" aliuliza bila kuinua macho. "Nyote mnavaa viatu visivyo na kelele."

"Polisi, Bibi. Henny Skovgård."

"Afadhali. Kitendawili."

Henny alivuta kiti. "Tega."

"Nina dada wawili, mrefu na mfupi. Nikimwona mmoja kasimama juu ya kichwa cha mwenzake, naingia nyumbani. Nikiwaona wametengana, nalala majini."

"Sijui, Bibi."

"Unajua, unanibembeleza. Haya, nipe mji."

"Chukua Kopenhagen."

"Kopenhagen siutaki, kila mtu ana haraka. Nipe Skagen."

"Chukua Skagen."

"Nimekwenda Skagen, nimekula samaki, nimeshiba, nimerudi. Dada zangu ni taa mbili za bandari, ya mbele na ya nyuma."

"Na Wajerumani walipomkata yule dada mrefu?"

Sindano zilisimama. Bibi Petrea alimtazama kwa mara ya kwanza, tangu viatu hadi nywele.

"Dada mrefu nikawa mimi," alisema. "Dirisha langu la darini. Nyumba ilikuwa nyuma kabisa ya mlingoti, juu kidogo. Mume wangu Mads alipandisha taa ya mezani, akaenda na mashua kuangalia, akarudi anacheka. Ilikaa sawasawa. Miaka saba, mwanangu, kila usiku nilipanda ngazi ile. Nikiwa na homa nilipanda. Wavuvi wote walijua, na wote walinyamaza."

"Wakuu wa taa hawakujua?"

"Wangejua wangekuja na karatasi, wangetukataza. Hata Laurids Bjerg hatukumwambia. Mtu wa kutoka kisiwa cha Fyn, mwaminifu mno. Angeandika."

"Usiku wa ajali, taa yako ilikuwa wapi?"

"Darini! Wapi tena? Niliipandisha saa mbili."

"Na mishumaa ya tarehe nne?"

"Sebuleni, kama watu wote."

"Na majirani?"

"Kila nyumba. Chini, juu, mpaka mabanda ya kuku. Kilima chote kilikuwa kinawaka kama keki ya siku ya kuzaliwa, na miaka mingine usiku huo vyombo vyote vilikuwa bandarini. Nilisimama bustanini nikasema, Mads akiona haya akiwa baharini ata..." 

Soksi ilimteleza mapajani. Henny aliiokota, akasubiri.

"Angelijuaje dirisha langu?" Bibi Petrea alisema polepole. "Katika madirisha yote yale, angelijuaje?"

"Nani alikuwa amekamata usukani?"

"Villads. Mads alikuwa na desturi, wakishaingia kwenye mstari humwachia kijana, anashuka kunywa kahawa."

"Bibi, swali la mwisho. Chombo kiliingia kwa kasi kamili. Kama taa ya gati ingekuwa imezimwa, dirisha lako lingemfaa nini Villads?"

"Lisingemfaa kitu. Dada mmoja haonyeshi njia." Aligeukia dirisha. "Kwa hiyo ilikuwa inawaka. Na mimi nilimpita Laurids dukani miaka kumi na miwili bila kumsalimia." Alichukua soksi yake kutoka mkononi mwa Henny. "Usinikalie hapo na huruma zako. Nenda ukafanye kazi. Na yule Villads, ukimpata, mwambie hata mimi nikiwa kwenye usukani nisingelijua dirisha langu. Umesikia? Mwambie hivyo kabla hujamwambia lingine."

*

Henny alipanda kilima akiwa na hakika. Mwamba Mweusi uko mashariki ya njia, basi Villads alilenga dirisha lililo mashariki ya dirisha la Petrea. Alihesabu nyumba upande huo. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na ghala moja la nyasi kavu, la mawe, na upande wa bahari halikuwa na hata tundu la paka. Mwenye ghala alimwapia kwamba babu yake ndiye aliyelijenga, na kwamba ng'ombe wa Hvidhage hawasherehekei tarehe nne.

Saa nzima ilikuwa imepotea. Alishuka, uso umenuna, na kifungo cha koti kilichokuwa kikining'inia tangu asubuhi kikadondoka njiani. Aliingia dukani kununua uzi. Mwenye duka alimpimia, akachukua mkasi, akaufungua.

Henny aliutazama mkasi ule kana kwamba hajawahi kuona mkasi.

"Usikate," alisema. "Hebu ufungue tena. Polepole."

Vishikio vilikwenda huku na huku, na makali yake vilevile, ila kinyume. Kishikio cha kulia ndicho chenye ubapa wa kushoto. Katikati palikuwa na msumari. Na msumari, kwa bandari ya Hvidhage, ulikuwa taa ya gati. Chombo kikiwa mashariki baharini, dirisha lililopangana na taa lazima liwe magharibi kilimani.

"Inspekta, nikate au nisikate?"

"Kata. Mita tatu. Na unipe na pini."

Alirudi ofisini kwa mkuu wa bandari, akatandaza ramani mezani. Pini moja juu ya Mwamba Mweusi, pale mzamiaji alipopaonyesha. Pini ya pili juu ya taa ya gati. Aliufunga uzi kwenye ya kwanza, akaupitisha kwenye ya pili, akauvuta mpaka kilimani. Uzi uliacha nyumba ya Petrea upande wa mashariki, ukapita bustani mbili, ukasimama juu ya paa la nyumba ya tatu. Saluni ya nywele.

"Hii nyumba mwaka hamsini na moja ilikuwa ya nani?" aliuliza.

Mkuu wa bandari hakujua, lakini daftari lake la kodi lilijua. Ilikuwa ya mwokaji mikate Frandsen, ghorofa mbili na dari lenye dirisha linalotazama bahari.

*

Jumanne saa tano na nusu asubuhi Villads Toft alikuwa ghalani kwake akishona wavu. Henny aliitandaza ramani juu ya kreti la samaki, uzi ukiwa bado umening'inia kwenye pini zake.

"Ulisema hukulisoma daftari."

"Sikulisoma."

"Kibao kinasema maandishi ya mwisho ni ya saa kumi alfajiri. Mwandiko wako. Mtu asiyelisoma amejuaje saa?"

Villads aliendelea kushona vitundu viwili, vitatu.

"Labda nilichungulia."

"Ulichungulia ukurasa wa mwisho peke yake?"

Villads alikaza fundo la wavu.

"Mwokaji Frandsen aliweka mishumaa mingapi darini?"

Sindano ya wavu ilianguka sakafuni. Hakuinama kuiokota.

"Sita," alisema. "Nilihesabu nikiwa nimeshika mlingoti. Sikuwa na kazi nyingine. Upande huu sita ya Frandsen, upande ule taa moja ya Mama Petrea, ya manjano, palepale ilipokuwa siku zote. Niliiona baada ya kugonga. Baada, Inspekta."

"Na taa ya gati?"

"Inawaka. Ilikuwa inaniwakia usoni."

"Kwa nini ukaapa haikuwaka?"

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Barazani alikaa Mama Petrea, amevaa nyeusi. Niseme nini mbele yake? Kwamba nimeshindwa kulijua dirisha lake, nikamuua mume wake akiwa na kikombe mkononi? Nilidhani Laurids atakaripiwa tu. Walipomfukuza, nikasema nitasema kesho." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Kesho ikawa nyingi."

"Bibi Petrea ameniagiza nikuambie neno kabla ya yote, nami nimechelewa kulitoa. Anasema hata yeye akiwa kwenye usukani, usiku ule, asingelijua dirisha lake."

Villads alikaa juu ya rundo la nyavu. Kisha akainuka, akapanda ngazi, akashuka na kifurushi cha turubai. Daftari lilikuwa kavu, halijachanika hata pembe.

"Nilitaka kulichoma," alisema. "Mara mbili nimewasha jiko. Soma mwenyewe, ukurasa wa mwisho. Mtu wa Hvidhage akisoma pale ataelewa mara moja. Ndiyo maana sikumpa Thyra."

Mwandiko wa Laurids haukuwa wa kuku hata kidogo. Ulikuwa mwandiko wa mtu anayekaa peke yake na ana muda. Mistari michache juu ya ile ya saa kumi alfajiri paliandikwa: *Saa tatu na dakika arobaini usiku. Chombo kinaingia, kinashika mashariki mno, mwendo wa kasi. Sijui anafuata nini. Nimepuliza honi mara tatu. Taa inawaka vizuri.*

"Honi uliisikia?" Henny aliuliza.

"Niliisikia. Nikadhani anasherehekea kama wengine. Nikampungia mkono."

Henny alilifunga daftari. "Mchonga mawe anaanza mstari wa mwisho saa ngapi?"

"Saa sita." Villads alitazama saa yake, akakurupuka. "Ni saa sita kasorobo!"

"Basi chukua kofia. Tunapitia kwa Thyra kwanza."

*

Thyra alifungua mlango akiwa na sufuria mkononi. Alimtazama Inspekta, akamtazama Villads, akaliona daftari. Hakusogea.

"Taa ya baba yako ilikuwa inawaka," Villads alisema akitazama viatu vyake. "Nilikuwa naiona."

"Sema tena."

"Taa ya baba yako ilikuwa inawaka."

"Sauti yako iko wapi leo? Kwenye kamati unasikika mpaka Sweden."

"Ilikuwa inawaka!" Villads alipaza sauti mpaka jirani akafungua dirisha. "Taa ya Laurids ilikuwa inawaka, mimi ndiye niliyekosea, mimi ndiye niliyesema uongo, na daftari nililiiba mimi!"

"Umesikia, Ebba?" Thyra alimuuliza jirani.

"Nimesikia," jirani akajibu. "Na nitawaambia wengine."

"Hilo sina wasiwasi nalo." Thyra aliweka sufuria chini, pale pale mlangoni, akachukua koti. Kwenye gari alilipakata daftari mapajani, viganja viwili juu yake, kama mtu anayepasha mikono moto.

Uwanja wa Sejr Damgård, mchonga mawe, ulijaa vumbi jeupe. Sejr alikuwa amekaa kivulini anakula mkate wake. Nyuma yake jiwe lilisimama, majina matatu, tarehe, na chini yake maneno mapya, kingo zake bado kali: TAA YA BANDARI.

"Nilianza mapema," alisema, mdomo umejaa. "Nimebakiza neno moja. Kwani kuna nini? Mna nyuso kama watu wa msibani."

Thyra aliligusa jiwe. Alipitisha kidole kwenye kila herufi mpaka mwisho, palipokuwa bado laini.

"Hili neno linaweza kubadilishwa?"

"Bado halijachongwa, linabadilishwa vipi? Ila kibali anatoa mwenyekiti."

"Ninatoa," alisema Villads. "Leta karatasi nitie sahihi. Na sahihi nyingine nitatia kwa Inspekta."

Sejr alimtazama mmoja mmoja, akafuta mikono, akachukua penseli yake ya chokaa. "Haya. Niandike nini?"

"ILIWAKA," alisema Thyra.

Sejr alipima kwa vidole, akavuta midomo. "Fupi kuliko lile la kwanza. Upande huu patabaki pengo, watu watasema nimekosea hesabu."

Thyra alifungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho. Alisoma mistari ile kimya, mara ya kwanza maishani mwake, na wote watatu wakamwacha asome. Alipofika mwisho alicheka, kicheko kifupi kilichomshtua yeye mwenyewe.

"Ongeza VIZURI," alisema. "TAA YA BANDARI ILIWAKA VIZURI. Ndivyo alivyoandika."

Sejr alipima tena. "Nikibana herufi kidogo, linajaa sawasawa."

Henny alikuwa na ripoti ya kuandika, na kituo kilikuwa mwendo wa saa moja. Alikaa. Thyra alijikweza juu ya jiwe la kaburi ambalo halijapata mwenyewe, miguu yake ikining'inia, akaomba kipande cha ule mkate wa mchonga mawe, akala huku vumbi likimwangukia nywele.

"Usiharakishe, Sejr," alisema mdomo umejaa, nyundo ilipogonga herufi ya kwanza. "Mimi sina pa kwenda."